Ngao Tisa Nilizopaka Rangi

Nimestaafu mwaka huu, kama kustaafu ni kuambiwa na daktari kwamba mfupa wa nyonga hautakubali tena kusimama kutwa nzima. Nina miaka hamsini na miwili. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo msitafute hapa maandishi ya mwalimu. Binti yangu Nafula amenirekebishia herufi, lakini maneno nimemkataza kuyagusa.

Nawaandikia nyinyi mlio kwenye magereji ya Kitale na Bungoma, hasa nyinyi wa msasa na wa rangi, ambao mnachukuliwa kama watu wa kupamba tu. Nilifanya hiyo kazi miaka ishirini na minane. Sitaandika nililipwa nini wala nani alipandishwa cheo. Gereji ya mabati haina cheo, ina mwenyewe na wengine. Nataka kuandika juu ya vyuma tisa nilivyopaka rangi kwa mikono yangu. Ni vile vyuma vya mbele ya gari, wengine wanaita bulba, sisi tuliviita ngao. Kimoja kiliingia mwilini mwangu. Vingine vilibaki barabarani, mbele ya magari ya kupeleka watoto shule na mama kanisani, na tangu nitoke hospitali nimekuwa na kazi moja tu, kutaka vitolewe kabla havijampata mtu mwingine.

Lakini nianze mwanzo, maana bila mwanzo mtadhani nilikuwa sijui.

Nilifika gereji nikiwa na birika la chai. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa Kitale unaokaa chini mpaka mtu anakuwa hana miguu, unaona tu kichwa na mabega yanakuja. Nilikuwa nauzia mafundi chai na mandazi. Nikaweka birika juu ya boneti ya gari moja ya kijivu iliyokuwa inangoja rangi, na mzee mmoja mwembamba mwenye kofia nyeupe akaniambia bila kuinua sauti, "Binti, hiyo si meza."

Nikatoa birika, nikapangusa pale kwa kiganja, nikamwambia, "Pole, Mzee. Lakini hapa pameinuka."

"Wapi?"

"Hapa. Kama kuna punje ya mahindi chini yake."

Alikuwa ameikagua hiyo boneti mara tatu kwa macho. Akafumba macho, akapitisha mkono wake, akasimama hapo kwa muda kama mtu anayesikiliza mvua ikiwa bado iko mbali. Halafu akasema, "Kesho uje bila birika."

Huyo ndiye Mzee Nasoro, fundi wa bodi, mtu wa Bungoma mjini, amezaliwa karibu na msikiti na sasa amerudi kuzeekea hapo hapo. Yeye ndiye alinifundisha kila kitu, na wale mnaosema mlifundishwa na mimi, mjue mlifundishwa na yeye.

Nikikumbuka miaka hiyo ya kwanza naiona kupitia vumbi la fila, ile dawa ya kujazia mabonde kwenye bati. Ukiipiga msasa inatoa vumbi jepesi la rangi ya waridi. Mabati ya paa yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na saa nne asubuhi jua lilishuka humo kama nyuzi, vumbi likipanda na kushuka ndani ya nyuzi, nyundo ya Mzee Nasoro ikigonga huko nyuma pole pole kama inatoka chini ya maji. Nilikuwa nazunguka na msasa, zunguka, zunguka, mpaka sijui mkono ni wangu au ni wa gari. Hata nikilala mikono ilikuwa inaendelea. Mume wangu marehemu aliniuliza siku moja kama nampaka rangi.

Mzee Nasoro alikuwa na desturi moja. Gari haikutoka kwake bila kuguzwa. Ukimaliza kila kitu, rangi imekauka, mwenyewe amekaa kwenye benchi anaangalia saa, wewe unafumba macho na kuizunguka gari yote kwa kiganja wazi. Mara ya kwanza kwa urefu wa goti, mara ya pili kwa urefu wa nyonga, mara ya tatu kwa urefu wa kifua. Pale kiganja kinakamatwa, kazi haijaisha.

"Macho yanaijua gari ikiwa imesimama," aliniambia. "Ngozi inaijua ikija."

Kwa kuguza hivyo nilijifunza kwamba wanaochora magari huko yanakotoka wengi wao hawajui watu wanaishije. Kulikuwa na gari ya familia yenye sanamu ya ndege wa chuma kwenye pua ya boneti, mdomo wake mkali kama sindano ya gunia. Ndege wa kazi gani? Kulikuwa na nyingine ambayo kona ya chini ya mlango ilichongwa kama kisu, na mlango ukifunguka hiyo kona inakutana na uso wa mtoto wa miaka minne. Nyingine nguzo za kioo cha mbele zilikuwa nene hivi kwamba mtu mzima na baiskeli yake wanapotea nyuma ya nguzo moja.

Lakini ile niliyoichukia zaidi ilikuwa na dirisha la nyuma dogo kama la choo. Ilikuwa inauzwa kwa uzuri wa hilo dirisha. Mwenye gari mmoja wa Tongaren aliileta tunyooshe bampa ya nyuma iliyobonyea kidogo tu. Nikamuuliza amegonga nini.

"Mama," akasema.

"Mama nani?"

"Mama yangu. Alikuwa anaanika mahindi."

Mama alipona, alivunjika mguu tu, na kijana wake alisema hilo neno "tu" kama analishikilia lisianguke. Nikakaa siku nzima napiga msasa bonde lenye ukubwa wa sahani. Aliyechora lile dirisha hajawahi kurudisha gari nyuma kwenye boma lenye kuku, mahindi kwenye turubai na mama aliyeinama. Mzee Nasoro alimfungia huyo kijana kioo kikubwa cha pembeni kilichotoka kwenye lori. Gari ikawa mbaya kama punda mwenye sikio moja. Kijana akaondoka nayo akifurahi.

Halafu macho ya Mzee Nasoro yakaanza kuingia ukungu, akarudi Bungoma. Nikabaki na mwenye gereji. Nitamtaja, kwa sababu yeye hakuniuliza kama nataka kuwa mlemavu. Anaitwa Wanjala, tulimwita Bosi. Si mtu mbaya wa kupiga watu. Anacheka, ananunulia watu soda, anasaidia wafiwa kuzika. Lakini Bosi Wanjala akiona kitu kwenye simu lazima akitengeneze.

Aliona picha ya gari kubwa ya shamba la wanyama, ina ngao mbele. Akasema na sisi tutaweka. Si kwa magari ya shamba, hapana, kwa magari ya nyumbani, yale ya viti saba. Akanunua paipu za maji, akazikunja, akazichomelea. Na kwa sababu alitaka ngao zake zijulikane, aliacha ncha mbili za paipu zitokeze mbele, huku na huku, zimekatwa mshazari kama mtu anavyokata muwa. Akaziita pembe.

Ya kwanza iliagizwa na Bwana Masinde wa Kiminini, mfanyabiashara wa mbegu na mbolea, mzee wa kanisa. Gari yake ilikuwa ya viti saba, nyekundu iliyoiva. Alisema ng'ombe wa barabara ya Tongaren hawaheshimu mtu.

Nilipiga hiyo ngao msasa, nikaipaka rangi nyeusi mara tatu, nikaingoja ikauke. Halafu nikafumba macho nikaizunguka gari. Goti, sawa. Nyonga, kiganja kikakamatwa. Sikufumbua macho mara moja. Nilibaki hapo na ile ncha katikati ya kiganja, baridi, kama mtu ameniwekea kidole.

"Bosi," nikasema, "hapa panakamata."

"Panakamata nini?"

"Mtu."

Wakacheka wote. Bosi akasema, "Mama Nafula, si hiyo ndio kazi ya pembe? Wewe ni wa rangi. Rangi iko sawa?"

"Rangi iko sawa."

"Basi bana."

Na kweli rangi ilikuwa sawa. Ndiyo inaniuma mpaka leo. Niliipaka vizuri sana. Ilikuwa nyeusi yenye kina, unajiona ndani yake umesimama mbali, mdogo, kama uko ng'ambo ya mto. Watu walikuja kuitazama. Baada ya hiyo zikaja nane nyingine, na zote nilizipaka. Kuguza gari niliacha. Sikuamua kuacha. Siku moja niligundua kwamba ni muda sijafumba macho.

Ajali yangu haikuwa ajali ya kuandikwa gazetini. Bwana Masinde alirudisha gari kwa sababu mawe ya barabara yalikuwa yamechuna rangi ya ngao. Uwanja wa gereji una mteremko kidogo, unaujua tu mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye meza ya kazi, nimempa mgongo, naosha bunduki ya rangi. Kompresa ilikuwa inanguruma. Bwana Masinde alishuka kumsalimia Bosi, na gari ikaanza kumfuata.

Ilikuja polepole kuliko mtu anayetoka kanisani baada ya mahubiri marefu. Hiyo niliambiwa, sikuiona. Bampa yake ya kawaida ni ya plastiki, inabonyea. Ingenisukuma, ningetukana, ningepaka dawa ya kuchua, kesho ningekuwa kazini. Lakini mbele ya bampa kulikuwa na pembe, kwa urefu wa nyonga, na mbele ya nyonga yangu kulikuwa na meza ya chuma.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia nimeshikwa, kama kwenye umati mtu anapokushika kiuno ili apite. Nikageuza shingo nikatazama chini, nikaona nyeusi inayong'aa, na ndani yake nikajiona niko ng'ambo, mdogo. Kompresa ikanyamaza. Jua lilikuwa bado linashuka kwa nyuzi kutoka kwenye mabati na vumbi lilikuwa bado linapanda, na nikawaza, fila ya leo imekauka vizuri.

Miezi niliyokaa hospitali sitaiandika. Dawa zilinifanya nielee juu ya kitanda kama ule ukungu, na huko juu mikono yangu iliendelea kuzunguka, zunguka.

Niliporudi nyumbani na fimbo, nilikuta kila mtu ameshajua kosa ni la nani. Askari aliandika breki ya mkono. Bosi Wanjala alisema breki ya mkono. Mchungaji alisema tumshukuru Mungu, halafu akasema breki ya mkono. Ngao hakuna aliyeitaja.

Bwana Masinde alikuja kunijulia hali. Alileta sukari, mkate na maziwa. Alikuja na ile gari, akaiegesha mbele ya mlango wangu, pembe zinatazama ndani. Tukaomba. Alipomaliza kuomba nikamwambia, "Baba Brenda, toa hiyo chuma."

"Mama Nafula, hiyo ngao imeniokoa. Juzi tu nimegonga fahali huko Tongaren, gari haina hata alama."

"Na fahali?"

"Fahali alikufa."

"Ulimgonga na kasi gani?"

Akakohoa. "Kidogo tu."

Hakuitoa. Aliondoka nayo, na nilimwona anapita mbele ya shule ya msingi watoto wakitoka.

Nikaenda Bungoma kwa Mzee Nasoro. Nilikuwa na uchungu, nilitaka mtu wa kunisaidia kulaani. Nilimkuta kibarazani kwake, macho sasa meupe kabisa, anasikiliza mtaa. Akanijua kwa salamu, na fimbo akaisikia.

"Binti yangu unatembea na mguu wa tatu," akasema.

Nikamweleza yote. Nikamtaja Wanjala, nikamtaja Masinde, nikawataja wale wa mbali wanaochora magari na hawaguzi wanachochora. Aliacha nimalize. Halafu akauliza, "Uliiguza?"

"Niliiguza."

"Ikakamata?"

"Ikakamata. Nikasema."

"Ulisema mara ngapi?"

"Mara moja, Mzee."

"Halafu?"

Hapo nilitaka kusema halafu Bosi akacheka. Lakini yule mzee alikuwa amenielekezea uso wake kama anaguza hewa, na sikuweza. Nikasema, "Halafu nikaweka rangi."

"Koti ngapi?"

"Tatu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimwita mkewe alete chai, tukanywa, na baadaye kabisa akaniambia, kama mtu anayeongea juu ya hali ya hewa, "Kazi yako ikiwa na kosa, unaiita irudi. Hiyo haiombwi, Nekesa. Nilikufundisha hivyo."

Ni kweli, alinifundisha. Nyinyi vijana wa siku hizi hamuijui, lakini zamani fundi akikumbuka kosa lake usingizini, asubuhi anamfuata mwenye gari hata Cheptais juu mlimani, anamwambia, "Naita kazi yangu irudi." Na mwenye gari hakatai. Akikataa, hakuna fundi mwingine atakayeshika gari yake. Mimi nilikuwa nimemwomba Masinde kama mgonjwa. Mgonjwa anapewa sukari.

Basi Jumamosi nikaenda Kiminini. Nilikodi grainda ya kukatia chuma, nikaja na welda mmoja, kijana wa watu anaitwa Kirui. Tulikuta Bwana Masinde anafungasha aende sokoni.

Nikasimama mbele ya gari, nikasema, "Bwana Masinde, hii ngao nimeipaka mimi. Niliiguza ikanikamata, nikaifunika na rangi. Kosa ni langu kabla hujaingia wewe. Naita kazi yangu irudi."

Akatazama chini. Alikuwa mtu wa zamani, aliielewa. "Lakini ngao ni ya Wanjala," akasema.

"Paipu ni ya Wanjala. Ile inayowafanya watu waipende ni yangu."

"Mama Nafula, si tuongee na Wanjala kwanza..."

Mke wake alikuwa ametoka jikoni, Mama Brenda, mwanamke mtulivu, sijawahi kumsikia akiongea mbele ya mume wake. Akafuta mikono kwa kitenge. Akamwambia, "Baba Brenda, unajua mwaka huu wote sijapita mbele ya hiyo gari?"

"Haujapita vipi?"

"Sijapita. Nazunguka nyuma. Hata ikiwa imezimwa. Na watoto nimewaambia wazunguke nyuma. Wewe tu ndio hujui, kwa sababu wewe uko ndani."

Alisema hivyo kwa sauti ya kuagiza chumvi. Bwana Masinde alitazama gari yake kwa muda mrefu, kwa mbele, nadhani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Halafu akaweka ufunguo kwenye kiganja cha mke wake na kwenda kukaa kwenye ngazi.

Kirui alikata, mimi nikashika. Cheche zilikuwa zinaruka kwenye jua la asubuhi, zinazimika kabla hazijafika chini. Ngao ilipoachia ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Chini yake bampa ya plastiki ilikuwa imefifia, ina matundu manne, inaonekana kama uso wa mtu aliyevua miwani. Niliyaziba hayo matundu na nikalainisha pale. Bwana Masinde alisema, bila kugeuka, "Gari imekuwa ndogo." Nikamwambia haijawa ndogo, imerudi.

Sasa niwataje wenye kosa wote kwa mpangilio, maana niliahidi nafsi yangu. Wa kwanza ni wale wanaochora gari kwa macho ya mtu anayeinunua na si kwa mwili wa mtu inayemkuta. Sijui majina yao na wao hawajui langu. Wa pili ni Wanjala, ambaye mpaka leo anasema breki ya mkono, na juzi amekunja paipu nyingine. Masinde nimemsamehe nusu. Wa mwisho ni Nekesa, mama yake Nafula, aliyejua, akasema mara moja, akachovya brashi.

Baada ya Kiminini nimezifuata nyingine. Moja nilipata Webuye, mwenyewe alinipa bila neno. Mbili Kitale, mmoja alinitukana kwanza halafu akaniletea kiti. Moja ilikuwa imeshauzwa kama chuma chakavu. Hizo ni tano. Zimebaki nne, na mguu wangu hauzifikii zote.

Ndiyo sababu nimeandika. Kuna gari ya bluu ya viti saba inaonekana Tongaren siku za soko, pembe yake ya kushoto imepinda. Kuna mbili nyeupe, za ndugu wawili, moja iko Bungoma mjini na nyingine inapanda Cheptais kila Jumapili na kwaya. Ya nne ni ya kijani, na iko wapi sijui. Zote ni nyeusi mbele, nyeusi ya kina, ukijitazama humo unajiona mbali. Ikija kwenye gereji yako, hata kama imekuja kwa taa tu, mwambie mwenyewe taratibu kwamba Mama Nafula wa msasa anaita kazi yake irudi. Akikataa mara ya kwanza, mwambie tena.